Raha ya Kuwinda na Deni Lake

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, mji wa Mumias, ambao leo umo katika Kaunti ya Kakamega na ambao zama hizo ulikuwa makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga, ulikuwa kituo cha mwisho cha misafara iliyotoka pwani kutafuta pembe za ndovu. Hapo wapagazi waliopasuka nyayo walipumzika, wafanyabiashara wa Kiswahili na wa Kiarabu walifunga hesabu zao, na kila mtu mwenye bunduki na tamaa alinunua unga wa njiani kabla ya kuelekea kaskazini katika nchi ya Karamoja, ambako hapakuwa na serikali ya kumwuliza alikotoka wala aendako. Miongoni mwa waliopita njia hiyo alikuwamo Walter Bell, kijana wa Kiskoti ambaye baadaye lakabu yake ikawa Karamojo, na ambaye hesabu ya maisha yake yote, kwa maandishi yake mwenyewe, ilitimia ndovu zaidi ya 1,000.

Bell hakuwa mtu wa kupiga ovyo. Wenzake walibeba bunduki nzito zilizovunja mabega ya mpigaji karibu sawa na zilivyovunja mifupa ya mnyama, naye akapendelea bunduki ya risasi nyembamba, kwa kuwa alikwisha kulipasua fuvu la ndovu kwa msumeno, akaona ubongo umekaa wapi, na akajifunza kuulenga kutoka kila upande hata ndovu akaanguka palepale aliposimama. Ikiwa adili yote ya uwindaji ni kumwua mnyama pasipo kumtesa, basi Bell atahesabiwa katika safu ya wema. Na ikiwa adili ni kiasi, sijui tutamweka wapi. Alikuwa mfanyabiashara, na pembe zilikuwa mali. Lakini mtu halikerezi fuvu zima la ndovu kwa sababu ya biashara peke yake, maana soko halikumwuliza mnyama alikufa kwa risasi ngapi. Palikuwa na kitu kingine ndani yake, shauku ya kujua na kufuatilia na kupatia, na ni shauku hiyo, ambayo hailipwi mshahara na wala haitokani na njaa, tunayotaka kuitazama katika sura hii.

Aliyeidhihirisha shauku hiyo mbele ya ulimwengu alikuwa Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kutoka katika urais wa Marekani, akifuatana na mwanawe Kermit, na wapagazi zaidi ya 200 wakabeba mizigo yao. Mwezi wa Novemba walikuwa katika uwanda wa Uasin Gishu na kando ya mto Nzoia, mto uleule unaoteremka hadi Mumias kabla ya kuingia ziwani, na huko Roosevelt akasaidiana na Carl Akeley kupata ndovu kwa ajili ya makumbusho ya New York. Safari ilipokwisha, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512, wakiwamo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Mwenyewe alijitetea katika kitabu chake kwamba nyara walizojiwekea wao wawili zilikuwa kama dazeni moja tu, na kwamba waliosalia waliuawa kwa ajili ya elimu au kwa chakula cha msafara. Utetezi huo una ukweli ndani yake, kwani ngozi na mifupa ilipelekwa kweli kwa wataalamu. Hata hivyo msomaji wa kitabu hicho hatahitaji kwenda mbali kabla ya kutambua kwamba elimu ilikuwa ruhusa, na raha ndiyo iliyokuwa safari yenyewe.

Raha hiyo ilikuwa na bei. Leseni ya mwindaji wa starehe katika himaya ya Waingereza ilikuwa rupia 750, ilhali mpagazi aliyembebea hema lake alipata takribani rupia kumi kwa mwezi. Kwa hiyo mpagazi huyo, hata asile, asivae wala asitume kitu nyumbani, angelazimika kufanya kazi zaidi ya miaka sita ili apate haki ya kufanya kwa siku chache jambo ambalo babu yake alilifanya bila ya kumwomba mtu ruhusa. Wakati huohuo serikali za Ulaya, zilizokutana London mwaka 1900 na kufanya mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, zilikubaliana kubana mashimo na nyavu, yaani vifaa vya mtu asiye na bunduki, kwa hoja kwamba vinaua bila ya kuchagua. Hoja haikuwa ya uongo. Lakini tazama matokeo yake: ustadi wa mgeni uliitwa mchezo, na ustadi wa mwenyeji ukaitwa ujangili, na jina ambalo mtu alipewa lilitegemea risiti aliyokuwa nayo mfukoni kuliko kitendo alichokifanya porini.

Kutokana na dhuluma hiyo ikazaliwa kauli ambayo tumezoea kuisikia katika mikutano na kuisoma katika vitabu vya shule, kwamba Mwafrika aliwinda kwa haja na Mzungu akawinda kwa anasa. Ni kauli ya kujitetea, na waliotukanwa wana haki ya kujitetea. Lakini yeyote aliyekaa Kakamega wakati wa msimu wa tombo anajua kwamba si kweli.

Mvua zinapopungua na nafaka zinapoanza kukomaa, tombo, ndege wadogo wa kuhamahama ambao huonekana kwa nadra na kusikika kila mahali, hushuka katika mashamba ya magharibi ya Kenya; na mtegaji, aghalabu mtu mzima mwenye subira na muda, husimamisha mti mrefu kando ya shamba, akaning'iniza juu yake vitundu vya kusukwa, kimoja juu ya kingine kama shanga katika uzi, na ndani ya kila kitundu mna tombo dume aliyefugwa kwa kazi hiyo moja tu. Kabla ya jua kuchomoza mahabusi hao huanza kuita. Kwa kuwa wako juu, sauti zao husafiri mbali kuliko sauti ya ndege aliye katika majani, na wale walio huru, ama kwa wivu wa madume ama kwa shauku ya majike, huteremka na kuja kwa miguu katika vijia ambavyo mtegaji amevifyeka chini ya mti, na katika vijia hivyo ametega tanzi nyembamba ambazo jicho la binadamu huzikosa zisipoonyeshwa kwa kidole.

Sasa tufanye hesabu. Tombo mmoja hajazi kiganja. Waitaji wale wanapaswa kulishwa mwaka mzima, wakingwe na paka, na baridi, na watoto wa jirani. Vitundu husukwa upya, mti hutafutwa, vijia hufyekwa, na mtegaji huamka gizani akakaa katika umande akisikiliza. Mtu mwenye njaa hawezi kununua nyama kwa bei hiyo. Ukimwambia mzee wa pande za Shinyalu, "Mzee, si afadhali ungefuga kuku?" huenda akacheka na kukujibu, "Kuku, mwanangu, anakuja kwa sababu umemtupia mahindi." Na jibu hilo lina falsafa nzima ya uwindaji: kwamba ladha iko katika kumfanya kiumbe asiyekuhitaji, asiyekujua na mwenye kila sababu ya kukukimbia, aje mwenyewe kwa ajili ya maarifa yako.

José Ortega y Gasset, mwanafalsafa wa Kihispania aliyeandika juu ya uwindaji mwaka 1942, alishikilia rai inayokaribiana na ya mzee huyo, kwamba mauti ya mnyama ni kithibitisho cha uwindaji kuliko kuwa lengo lake, na kwamba uwindaji usiokuwa na uwezekano wa mnyama kuponyoka haustahili jina hilo. Mimi nakubaliana naye nusu ya njia. Ni kweli kwamba anayetega fuko shambani, kazi ambayo katika magharibi ya Kenya ina mafundi wake wanaolipwa na wakulima kwa kila fuko, hatumwiti mwindaji kwa maana hii. Anafanya kazi kama mpalizi, na fuko akifa hakuna anayesimulia. Lakini Ortega anaizungumzia raha ya mwindaji kana kwamba ni jambo la watu wawili tu, mtu na mnyama, waliokutana katika nyika isiyokuwa na mwenyewe. Na mahali kama hapo hata Karamoja hapakuwa napo.

Raha kwa dhati yake si aibu. Mwanadamu hufurahia kufuatilia nyayo kama anavyofurahia kutegua kitendawili, na sioni kwa nini atakiwe kuungama furaha hiyo kama dhambi. Lakini raha hii, tofauti na ya kitendawili, huacha deni, kwa kuwa kuna uhai uliotolewa ili ipatikane. Na swali ambalo nadhani latufaa kuliko lile la haja na anasa ni kuuliza deni hilo limeachiwa nani alilipe.

Katika misako ya zamani ya Waluhya, vijana walipotoka kwa makundi na mbwa na mikuki kufuata mbawala, paa au nguruwe mwitu, deni lilikuwa na wenyewe wanaojulikana. Aliyechoma mkuki wa kwanza alikuwa na fungu lake, mwenye mbwa alikuwa na lake, wazee waliobaki nyumbani walikuwa na lao, na ugomvi juu ya mafungu hayo uliamuliwa na watu ambao kesho yake wangekutana tena mtoni na gulioni. Aliyeua ovyo, au aliyemwacha mnyama aende na jeraha kwa uvivu wa kumfuata, alisemwa, na kusemwa katika kijiji ni adhabu isiyokuwa na rufaa. Sisemi kwamba wazee hao walikuwa wahifadhi wa mazingira. Neno hilo lingewashangaza. Walikuwa wachache, silaha zao zilikuwa fupi, na msitu ulikuwa mkubwa. Ila furaha yao ilikuwa na mashahidi.

Nalo hilo la msitu linatulazimisha tuwe na insafu kwa pande zote. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha misitu mikuu ya mvua iliyoenea kutoka Guinea na Kongo, na sehemu yake ya kaskazini, Buyangu, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Mbega wangali wakiruka huko, na ndege wake huleta wataalamu kutoka pembe zote za dunia. Lakini nyati hawapo tena, ndovu hawapo, na chui, wanavyosema watu, walionekana mara ya mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wageni wenye leseni hawakuyafanya hayo peke yao. Shoka na msumeno vilifanya sehemu kubwa, dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1931 ikaleta umati wa wachimbaji waliohitaji miti, mashamba yakausogelea msitu kutoka kila upande. Na ndani yake, hadi leo, askari wa hifadhi huokota mitego ya waya.

Tanzi la waya ndicho kifaa ninachokichukia kuliko bunduki ya Bell. Ni kipande cha waya kilichochopolewa katika ua au tairi kuukuu, kikafungwa katika njia ya funo, na aliyekitega akaenda zake. Funo akinaswa mguu hujivuta usiku kucha hata waya ukafika mfupani. Akinaswa na mtegaji akalewa siku hiyo, au akaugua, au akasikia kwamba askari wako karibu, mnyama huoza palepale na wa pekee wanaofaidi ni siafu. Mtegaji hakufuatilia, hakungoja, hakumwona mnyama akiwa hai. Nyama huuzwa kwa siri kwa mtu asiyeuliza ilikotoka. Mtu huyu hana haja ya yule mwenye njaa wala hana raha ya yule mwenye tombo, na tukimvika vazi la mila ili tumkinge na sheria tutakuwa tumewatukana wazee wenye mafungu.

Sheria yenyewe imejaribu kuchungulia ndani ya moyo wa mwindaji. Mei 1977 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji wote wa leseni, baada ya miaka ambayo ujangili na rushwa vilikuwa vimeota ndani ya leseni zenyewe, na chama cha wawindaji wa kulipwa, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1934, kikavunjika. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilikwenda mbali zaidi, kwani ilitenga makosa kwa nia zake: kuna kuwinda kwa mchezo au starehe, kuna kuwinda ili kujikimu, na kuna biashara ya nyama ya porini; yote yamekatazwa, na anayetafuta chakula amewekewa adhabu nyepesi kuliko anayetafuta furaha. Hakimu amepewa kazi ngumu. Akiletewa mzee na vitundu vyake vya tombo, amhukumu kwa kifungu kipi? Nyama italiwa, kwa hiyo ni kujikimu. Mzee alipiga mbinja njia nzima, kwa hiyo ni starehe. Na wawili kati ya ndege wake aliwauza, kwa hiyo ni biashara.

Je, marufuku ile iliwaokoa wanyama? Watafiti wakiongozwa na Joseph Ogutu walichapisha mwaka 2016 hesabu zilizoonyesha kwamba wanyama wa mwituni katika nyika za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka 1977. Wapenzi wa bunduki huitwaa tarakimu hiyo kwa furaha, wakasema, "Tazameni, mliondoa uwindaji na wanyama wakaisha," kana kwamba mwindaji ndiye aliyekuwa akiwanyonyesha. Waliowamaliza, kwa maelezo ya watafiti haohao, ni wingi wa watu na mifugo, nyua, mashamba, ukame na ujangili. Lakini hoja ya wapenzi wa bunduki ina punje moja ngumu ambayo wapinzani wao hawaitafuni: mfugaji ambaye pundamilia wanakula majani ya ng'ombe wake, na ambaye hapati chochote kwa kuwapo kwao, anatakiwa kulipa kwa ajili ya uzuri ambao wengine wanakuja kuutazama. Hilo nalo ni deni, na wanaolilipa si wale waliolikopa.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Ilifunga uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978, na tangu hapo vitalu vyake vimekuwa vikilipiwa na wageni wenye mali nyingi, kwa hoja kwamba nyara chache hulipia ulinzi wa nchi kubwa ambayo hakuna mtalii wa kamera angeifikia. Kuna mahali ambapo hoja hiyo inasimama. Lakini tangu mwishoni mwa 2023 hadi 2024 ndovu madume wenye pembe kubwa, wa kundi la Amboseli linalovuka mpaka bila ya pasipoti na ambalo watafiti wamekuwa wakilifuatilia tangu mwaka 1972, waliuawa kwa halali upande wa Tanzania, baada ya muda wa karibu miaka 30 ambao pande zote mbili zilikuwa zimewaacha salama kwa maelewano yasiyoandikwa. Leseni zilikuwapo, ada ililipwa, sheria haikuvunjwa. Aliyefaidi raha alipanda ndege akarudi kwao. Ada ikabaki upande mmoja wa mpaka, na pengo likabaki pande zote mbili, kwa majike ambao hupendelea madume wa umri ule, na kwa vijana wa kiume ambao hujifunza adabu kutoka kwao. Ninaona dhamiri imetulia upesi mno kwa sababu ya risiti.

Mumias, ambao ni katika miji ya kale ya Uislamu katika magharibi ya Kenya, una masheikh watakaokueleza kwamba fikihi iliyatazama mambo haya kabla ya leseni kubuniwa. Kuwinda ni halali kwa Qur'ani; mbwa aliyefunzwa akitumwa kwa jina la Mungu alichokikamata huliwa; lakini aliyevaa ihramu haruhusiwi kuwinda, na imepokewa katika hadithi kwamba hata shomoro aliyeuawa bure atasimama Siku ya Kiyama amshitaki aliyemwua. Sheikh wa tabia ya upole ataongeza kwamba kuua kwa ajili ya mchezo tu ni jambo la kuchukiza, hata pale ambapo hakuna aliyelitaja kuwa haramu. Linalonivutia katika hadithi hiyo ni kwamba mdai ni shomoro mwenyewe. Hakuna shirika linalomsemea, wala serikali inayopokea faini kwa niaba yake.

Siku hizi, upande wa kusini wa Msitu wa Kakamega, huko Isecheno, vijana ambao baba zao walijua njia za funo huwaongoza wageni kutazama ndege. Ujuzi ni uleule: kuamka mapema, kusimama pasipo kutikisa jani, kujua kwamba shorobo mkubwa wa rangi ya samawati atapita mti gani saa ngapi, na kumtambua kwa sauti ndege ambaye hajaonekana bado. Wengi wamedhani kwamba hapa ndipo deni lilipofutwa, maana raha inapatikana yote na hakuna anayekufa. Wageni wengine, hata hivyo, wana haraka. Wanataka ndege fulani kabla ya chakula cha mchana, na simu inaweza kupiga sauti yake iliyorekodiwa mara kumi mfululizo hata dume mwenye eneo lake akatoka kichakani, manyoya yamemsimama, kumtafuta mshindani asiyekuwapo. Waongozaji wenye kuijua kazi yao hukataa kufanya hivyo wakati wa kutaga, kwa sababu ndege anayezunguka kutafuta adui huacha mayai yapoe; na mgeni akishikilia kwamba amelipa, humjibu kwa adabu kwamba ada aliyolipa ni ya kutembea msituni.